Mashine ya dona Kirumba: unga nauamini, choroko safi, ila ile pakti ya lishe hapana

Naandika hii kwa wazazi wenzangu wa hapa Mwanza, hasa wenye watoto wa chekechea na wale wa darasa la kwanza la pili, maana kila mahali wamama tukikaa maneno ni yale yale, mtoto hajapata choo tangu juzi, mtoto analia chooni, mtoto anatoa kitu kigumu mpaka kinamchana, na majibu yanayotoka ni dawa tu, huyu anataja sirapu, huyu kasta oili, mwingine anakwambia mchomeke kipande cha sabuni. Mimi nataka niongelee unga. Yani unga wa ugali na uji, huu tunaokula kila siku bila kuuangalia.

Kuna mashine ya kusaga upande wa Kirumba, ukitoka sokoni ukielekea Mwaloni, haina bango, watu wanasema tu mashine ya mzee na ukiuliza bodaboda yoyote anakupeleka. Mbele ni duka la nafaka, nyuma ndo mashine. Nimekua nachukua unga pale kwa muda mrefu sasa na watoto wangu wawili, wa miaka minne na wa miaka saba, wanakula unga wa pale, kwaiyo naongea ninachokijua.

Kwanza nieleze kwanini unga. Angalia mtoto wa mjini anakula nini. Asubuhi chai na mkate mweupe slesi mbili, shuleni biskuti na juisi ya boksi, mchana wali na mchuzi, jioni ugali wa sembe na samaki. Anashiba, tumbo limejaa, na samaki wa ziwani ni chakula kizuri kwakweli sina ubishi, ila samaki hana nyuzinyuzi, yani faiba, hata kidogo, nyama hana, yai hana, maziwa hayana, na wali mweupe uliopikwa ukipima gramu 100 faiba yake haifiki hata gramu 1. Ukijumlisha siku nzima ya hivyo mtoto anaishia kwenye gramu saba nane hivi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka 2 mpaka 5 apate angalau gramu 15 kwa siku, wa miaka 6 mpaka 9 angalau gramu 21, na kuanzia miaka 10 gramu 25 sawa na mtu mzima, na ziwe zile zilizomo kwenye chakula chenyewe. Sasa pima mwenyewe huyo wa gramu nane yuko wapi.

Na kinachotokea tumboni ni hivi, nyuzinyuzi ni ile sehemu ya mmea ambayo utumbo hauwezi kuisaga, inapita mpaka chini, nyingine inashika maji na kufanya choo kiwe laini na kikubwa kiasi cha kusukumika, nyingine inaliwa na wale bakteria wazuri wa utumbo mkubwa. Isipokuwepo choo kinakaa, maji yanazidi kunyonywa, kinakua kigumu, mtoto akienda kinamuuma, siku ya pili anakibana kwasababu anaogopa, akikibana kinazidi kuwa kigumu. Hapo ndo utamwona mtoto anasimama kwenye kona amekaza miguu uso umemwiva, mzazi anadhani anasukuma kumbe anazuia. Wa kwangu mdogo alikua hivyo hivyo.

Sembe inakobolewa, maana yake ganda na kiini vinatoka, vinaenda kuwa pumba, na pumba anakula kuku na nguruwe. Kinachobaki ni wanga mweupe. Dona inasagwa punje nzima. Gramu 100 za unga wa dona zina faiba gramu 7 hivi, sembe ni kama nusu yake na ikikobolewa sana inashuka zaidi. Mtoto anakula ugali kila siku ya Mungu, kwaiyo ukibadilisha unga tu bila kubadilisha kitu kingine chochote umeshasogea mbali, ndo maana nasema anzieni hapo kabla hamjakimbilia duka la dawa.

Sasa huduma yenyewe. Unafika, kuna mahindi kwenye magunia yamefunguliwa midomo, unachagua mwenyewe, unapimiwa kwa kilo au kwa sado, wanapepeta na kuchambua, wanakusagia ukiwa unaona. Siku ya kwanza nilivyoenda nilimsalimia mzee, shikamoo, akanijibu marahaba mwanangu unataka sembe au dona, nikasema dona ya watoto, akaniambia basi subiri nikuonyeshe kitu. Akachukua chupa ya glasi kavu, akatia kiganja cha mahindi, akatia na chumvi kavu kidogo, akafunga akaitikisa vizuri, akaiacha itulie. Akanionyesha pembeni ya chupa, safi, chumvi yote imeshuka chini. Akasema ukiona chumvi imeganda kwenye kuta za chupa hayo mahindi bado yana maji, usiyasage dona, wala usiyaweke ndani. Halafu akaniambia ng'ata punje, nikang'ata ikapasuka kwa sauti, haikubonyea. Yani mtu anakuuzia mahindi na anakufundisha namna ya kuyakataa, hapo ndo nilijua nimefika.

Na hili la ukavu naomba mlichukulie kwa uzito mkubwa, maana watu wanasema tu dona dona dona bila kusema upande wa pili. Mahindi yakivunwa yakawekwa hayajakauka yanaota ukungu, na ukungu ule unatengeneza sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwenye unga, haiishi kwa kupika ugali hata uupike vipi, na inakaa zaidi kwenye ganda na kiini, kwaiyo anayekoboa anapunguza sehemu kubwa ya sumu na anayesaga dona anaila yote. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu ya mahindi, ini linaharibika, na watoto ndo wanaathirika haraka. Kwaiyo dona ya mahindi mabovu ni mbaya kuliko sembe. Usinunue dona iliyosagwa na mtu usiyejua mahindi yake yalikuaje, hasa zile za kupimwa kwenye beseni barabarani ambazo hujui zimekaa hapo tangu lini. Hii mashine naipa alama zangu nyingi kwa hilo moja tu, kuna dada wawili wamekaa kwenye mkeka na ungo, kazi yao ni kutoa punje zilizooza, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, na usipoharakisha unawaona wanazitupa kwenye ndoo ya pembeni na haziuzwi. Niliuliza zinaenda kwa kuku? Dada mmoja akanijibu hapana mama, kuku naye anakufa, tunachoma.

Kwenye kusaga kuna mambo mawili uwaambie. La kwanza waambie ni dona ya watoto wakuwekee ile bati ya matundu madogo, unga unatoka laini, mtoto haukatai kwa kukwaruza koo. La pili, kilo ya mwanzo inayotoka ina mabaki ya mteja aliyetangulia, na kama aliyetangulia alisaga udaga, yani muhogo mkavu, ugali wako wote utanuka muhogo. Waombe wapitishe mahindi kidogo kwanza, kijana wa mashine hana shida anafanya, ila usipomwambia hafanyi, na hapo nawakata alama. Pale unga unapotokea wameweka sumaku ya kushika vipande vya chuma, nilimwomba anionyeshe akanionyesha, kweli ilikua imeshika vumbi jeusi la chuma, nikafikiria zile mashine zisizo na sumaku vumbi hilo linaenda wapi.

Unga ukitoka una moto. Usifunge mfuko. Uache wazi upoe kabisa, ukiufunga na joto lake unatoa jasho ndani na ukungu unaanza. Na dona haikai kama sembe, kile kiini kina mafuta, baada ya wiki chache unaanza kuwa na uchungu na harufu ya mafuta yaliyochacha, kwaiyo chukua kidogo kidogo cha wiki mbili tatu, weka mahali pakavu. Wanaopenda kununua kiroba kizima ili wasirudi rudi, hii siyo ya kwenu, nunueni mahindi makavu mengi mkasage kidogo kidogo.

Watoto waliupokeaje? Mkubwa hakusema kitu, mdogo alikataa, akasema ugali mchafu. Sikulazimisha. Nilirudi kwenye sembe nikawa nachanganya, dona robo, baadae nusu, mpaka ikafika dona yote na hajui ilikuaje. Na hata bila hiyo sababu ya rangi ni vizuri kwenda taratibu hivyo hivyo, faiba ukiipandisha ghafla mtoto anajaa gesi, tumbo linamuuma, halafu unasema dona haimfai kumbe ni haraka yako. Ugali wenyewe unataka moto mdogo na muda zaidi ya sembe, koroga uji wake mwanzo kwa unga ulioloweshwa maji baridi, uache uchemke vizuri ndo uanze kusonga, hapo hautoi ladha ya unga mbichi. Na wale wanaonunua dona halafu nyumbani wanaichekecha na kumwaga makapi, jamani, mnamwaga kile kile mlichokifuata.

Maji. Hili nalirudia kwa kila mtu. Nyuzinyuzi bila maji inakua kama kuziba bomba kwa makusudi. Mtoto akila dona na maharage anywe maji, siyo soda, na joto hili la hapa kwetu anacheza juani mchana kutwa anarudi midomo imekauka. Mimi nawapa kikombe wakitoka shule kabla hawajaomba chochote. Kingine kilichosaidia ni kumkalisha chooni baada ya kula, hasa asubuhi, miguu imekanyaga kitu isining'inie, bila kumgombeza, maana chakula kikiingia tumboni utumbo mkubwa nao unaamka. Sasa hivi mdogo anaenda mwenyewe bila kilio, na ni muda sasa sijashika ile sirapu.

Duka la mbele nalo lina vitu. Choroko za pale ni safi, hazina mchanga, na choroko na dengu zinalimwa hapa hapa kanda ya ziwa kwaiyo hamna sababu ya kuzikosa nyumbani. Maharage yaliyopikwa gramu 100, ambayo ni kama upawa mdogo, yanampa mtoto faiba gramu 6 mpaka 7, hiyo peke yake ni karibu nusu ya mahitaji ya mtoto wa miaka minne. Choroko na kunde ziko hapo hapo jirani. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, pika kwa maji mapya, gesi inapungua sana. Watoto wangu wanakula choroko za nazi kuliko maharage, na wakichoka natengeneza dengu nzito.

Wana matobolwa pia, na michembe, zinaletwa na mama mmoja, zimekauka vizuri siyo zile zenye vumbi. Kwa wasio wa huku, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa vikaanikwa, michembe ni vile vilivyoanikwa vibichi, matobolwa mtoto anatafuna kama pipi, na ukimwekea na karanga za kuchemsha kwenye kikontena cha shule amepata kitafunwa kinachoizidi biskuti kwa kila kitu, na ni bei rahisi. Siku moja bibi mmoja mteja alinikuta nazichambua akanisalimu mwangaluka mayu, nikaitikia, akaniambia chukua na nsansa, watoto wa siku hizi hawaijui. Nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa, ukiiunga kwa karanga inaenda na dona vizuri mno. Nilichukua, mkubwa amependa, mdogo bado.

Ulezi wa pale naupa alama zote. Hawaukoboi, umepepetwa, hauna changarawe, na kwa faiba ulezi mzima unafika hata kuipita dona, pia una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zetu zote za kawaida. Wanauza na kimea chake, yani ulezi ulioloweshwa ukaota kidogo ukaanikwa ukasagwa. Kijiko kimoja cha kimea ukitia kwenye uji mzito uliopoa kidogo unauona unalainika hapo hapo, kwaiyo unaweza kutia unga mwingi mtoto akapata nguvu zaidi kwenye kikombe kile kile, ukishalainika urudishe jikoni uchemke tena ndo umpe. Kuotesha na kuchachusha kunapunguza pia faiteti, ambayo iko kwenye ganda la nafaka na inazuia madini ya chuma na zinki yasinyonywe vizuri. Watoto wengi wa kwetu wana upungufu wa damu tayari, kwaiyo anayehamia dona na ulezi azingatie hilo, na asimpe mtoto chai pamoja na chakula, ampe kipande cha chungwa au pera, dagaa wawepo mezani.

Na hapo kwenye matunda mashine haihusiki ila niseme haraka. Pera ni moja ya mabingwa wetu, gramu 100 zina faiba kama gramu 5, na parachichi inapita hapo. Tikiti maji halifiki hata nusu gramu. Machungwa ya Ukerewe mpe ale na ile nyama yake, usimkamulie, ukikamua na kuchuja umebakisha maji matamu tu.

Sasa kitu nisichokipendekeza. Pale dukani kuna pakti za unga wa lishe, zina mahindi, mchele, ulezi, ngano, soya, karanga, wakati mwingine na dagaa, vyote vimesagwa pamoja, na wamama wanazinunua sana wakiamini ndo za watoto. Sikuzipenda. Hamna tarehe ya kusagwa. Karanga zikishasagwa zinachacha haraka na zenyewe ni moja ya vitu vinavyoshika sumukuvu sana, soya isipochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa inasumbua tumbo la mtoto na inazuia protini isisagwe, na kila nafaka ina muda wake wa kuiva. Nilimuuliza kijana wa dukani soya ilikaangwa? Akasema sijui mama, zinaletwa zikiwa tayari. Basi. Chukua ulezi peke yake au mahindi na ulezi, pika uji, ukishaiva tia karanga ulizokaanga na kusaga mwenyewe, au maziwa. Mzee nilimwambia hayo na alinisikiliza kwa heshima, ila pakti bado zipo.

Wenye watoto chini ya miaka miwili, haya msiyachukue mazima mazima. Tumbo la mtoto huyo ni dogo, ukilijaza makapi anashiba kabla hajapata nguvu za kumkuza, anahitaji na mafuta, yai, samaki, na ziwa la mama liendelee. Kwake unga uwe laini na kimea kiwepo, mboga na maharage ya kuponda kidogo kidogo. Na mtoto yeyote ambaye choo kina damu, anatapika, tumbo limevimba, anapungua uzito, au ana shida hii tangu azaliwe, huyo apelekwe hospitali, msikae mnajaribu unga.

Kwa jumla naipa mashine hii nyota nne. Nyota moja nimeitoa kwa zile pakti, na kwa mabaki ya udaga, na kwasababu jioni foleni ni ndefu, vumbi ni jingi, hamna pa kukaa, ukiwa na mtoto mwenye pumu usimpeleke kabisa. Umeme ukikatika mnasubiri wote. Bei ya dona ni chini ya sembe yao kwasababu hakuna gharama ya kukoboa na hakuna kinachotolewa, ulezi uko juu lakini unaenda mbali.

Ukienda nenda asubuhi kabla jua halijapanda, mashine ikiwa bado haijasaga udaga wa mtu, beba mfuko wa kitambaa badala ya rambo, na muombe mzee akufanyie ile ya chupa na chumvi hata kama mahindi umetoka nayo nyumbani, anaifanya bure.